Acha Tapeti Zipige Kelele

Kuna kipimo kimoja cha injini kisichohitaji kifaa chochote ila kitambaa. Injini ikinguruma polepole, unakining'iniza kitambaa mbele ya mdomo wa eksosi, bomba la moshi, kisha unatulia na kutazama. Injini yenye afya hukisukuma kitambaa nje, hukisukuma tena, haichoki, haisiti. Injini iliyoungua valvu hukisukuma mara kadhaa halafu, ghafla, hukivuta ndani kidogo, kama mtu anayelia akipandisha makamasi. Asubuhi ile, kwenye gereji ya wazi pale Kabiro, Kawangware, kitambaa changu kilivutwa.

Mwenye lori alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni, gambuti miguuni.

"Imesema nini?" aliuliza.

"Imesema imeungua, mama."

"Imeungua wapi na sioni moshi?"

"Ndani. Valvu ya kutolea moshi. Moja, labda mbili."

"Haiwezi. Hii gari ilitengenezwa majuzi, hapa hapa. Ilitoka hapa ikiwa kimya kama maji ya mtungi."

Nilizima injini. Neno hilo, kimya, ndilo lililonifanya nigeuke nimtazame usoni.

Lori lenyewe lilikuwa la petroli, kuukuu kuliko mimi, la aina ambayo vijana wakiliona huuliza kama liliwahi kwenda vitani. Lilibeba taka. Mama huyo alikuja Nairobi kutoka Magharibi akiwa msichana, akakaa Soweto West kule Kibera, na kazi ya taka aliianza kwa mkokoteni. Baadaye akalinunua lori hilo likiwa limelala, akaliamsha, akajifunza kuliendesha mwenyewe kwa sababu, alisema, dereva wa kuajiriwa angeliendesha kama lori la mjomba wake. Vichochoro vya Soweto West havipitishi hata baiskeli mbili zikikutana, sembuse lori, kwa hiyo riziki yake ilikuwa huku Kawangware. Aliingia ploti baada ya ploti, yaani nyua za nyumba za kupangisha, wapakiaji wake wakarusha magunia juu, kisha akaelekea jalalani.

Lakini wenye ploti walikuwa na mwenyekiti. Alikuwa mzee wa hapa hapa, ambaye babake alilima mahindi pale kabla ya mabati kufika. Sasa alikuwa amevunja nyumba zake za mabati na kupandisha ghorofa, na alitaka wapangaji wa ofisini. Watu wa namna hiyo, aliamini, hawapendi kuamshwa na lori. Alikuwa amelalamika kuhusu kelele. Ndipo mama akaja kwenye gereji ile, kabla sijafika mimi, akaomba jambo moja tu: lori linyamazishwe. Fundi mkuu akalinyamazisha. Likakaa kimya majuma kadhaa, likasifiwa. Kisha likaanza kuishiwa nguvu. Lilikuwa limekwama kwenye mteremko unaotoka mtoni, limejaa mpaka juu, nzi juu yake kama pazia, na njia nzima ikafungwa mpaka mchana.

Mwenyekiti akatoa neno lake. Jumamosi lori lipakiwe mpaka juu, lishuke mtoni, lipande mpaka kwenye lami bila kusimama, na yeye na wenzake watakuwa wamesimama hapo juu wakitazama. Likikwama, njia ya Kabiro itapewa lori jingine la dizeli, jipya jipya, ambalo mmiliki wake alikuwa ameshaonekana akinywa chai kwa mwenyekiti.

"Hii njia ikienda, mimi narudi mkokoteni," mama aliniambia. "Na haya magoti hayarudi mkokoteni."

Hakuwa anatafuta huruma. Alisema hivyo huku akigonga goti lake kwa kiganja, kama mtu anayekuonyesha mlango ulioharibika.

Mimi pale nilikuwa mtu wa kupita. Shule niliiacha darasa la saba. Karo ilichangia, lakini si hiyo tu. Niliuliza kwa nini barafu huelea, nikauliza tena, mpaka mwalimu akaniambia swali hilo halitokei kwenye mtihani. Nikaona basi mimi na mtihani hatutafuti kitu kimoja. Tangu hapo nimepakia samaki Kisumu, nimepaka mabasi rangi Thika, nimelinda nyanya za watu kule Loitokitok, nimekanda chapati kwenye kibanda kando ya reli pale Kibera. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi, na nilipoelewa, miguu ilianza kuwasha. Watu huita hiyo kukosa msimamo. Mimi msimamo ninao, ila haukai mahali pamoja.

Injini ndizo zilizonichelewesha kuliko kitu kingine. Hazijaniishia maswali.

Nieleze kuhusu tapeti, kwa sababu kila kilichofuata kilisimama juu yake. Kati ya mkono wa chuma unaosukuma valvu na kichwa cha valvu huachwa nafasi nyembamba, haifiki unene wa kucha. Mafundi wa Nairobi huiita nafasi hiyo tapeti, na kuiweka sawa huita kuseti tapeti. Hiyo nafasi ndiyo inayopiga kelele. Chuma kinagonga chuma, tik tik tik, kama cherehani. Ukiiziba, kelele inakwisha. Lakini chuma kikipata moto hurefuka, na valvu ikirefuka bila nafasi haifungi tena sawasawa. Valvu ya moshi hupata kupoa pale tu inapokalia kiti chake. Isipokaa, haipumziki. Moto unapita ubavuni mwake siku nzima mpaka unaula ukingo.

Kwa hiyo lori lililokuwa kimya lilikuwa linaungua. Na kila mtu pale Kabiro alikuwa amelisifu.

Nilikwenda kwa fundi mkuu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anakunywa uji kwenye kikombe cha bati. Mtu huyo hakuwa mbaya. Siku niliyofika bila kitu alinimegea nusu ya chapati yake kabla ya kuniuliza ninajua nini. Lakini alikuwa na imani yake, na mafundi wote waliomzunguka walikuwa waumini.

"Ile lori ya taka imeungua valvu," nilimwambia. "Tapeti zilizibwa."

"Zilizibwa na nani?"

"Na wewe."

Spana mbili tatu zikanyamaza. Yeye akameza uji kwanza.

"Wewe mtu wa kupita. Nani alikufunza tapeti?"

"Injini zilizokufa."

"Sawa. Sasa ufunzwe na mtu yuko hai. Mteja haonangi valvu. Mteja anaskia. Akiskia kelele anasema fundi amemkula. Akiskia kimya analipa, na kesho analeta shemeji yake."

"Na ikiungua?"

"Kila kitu inaunguanga siku moja. Hata wewe."

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikasema nitaifungua injini ile mwenyewe, nitabadilisha valvu, nitaweka nafasi inayotakiwa, na itatoka pale ikipiga kelele.

"Kwangu injini hutoka kimya," akasema, hakuwa anacheka tena. "Hilo ndilo jina langu. Watu wanatoka mpaka Kangemi juu ya hilo."

"Basi hii itatoka na jina langu."

"Jina gani? Wewe hata kitanda huna."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nalala kwenye keba, pale anapokaa dereva, ya basi bovu mwisho wa ua. Nilikwenda nikachukua spana zangu.

Mama alikaa nami kazi yote. Nilipokitoa kichwa cha injini na kukigeuza, nilimwonyesha. Valvu mbili za moshi zilikuwa zimelika ukingoni, moja ikiwa na pengo kama biskuti iliyoumwa na panya. Aliishika, akaizungusha kwenye mwanga.

"Hii ndiyo nilikuwa nasifu?"

"Hii ndiyo."

"Nilikuwa napita kwa mwenyekiti nikitoa kichwa nje ya dirisha. Nikimwambia, mzee, umeskia? Naye anasema, sijaskia kitu. Nikaenda nyumbani na furaha." Aliitia ile valvu mfukoni mwa aproni yake. "Mayee! Kumbe nilikuwa nashangilia matanga."

Valvu mpya tulizipata kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, baada ya kukataa nyingine zilizopakwa rangi zionekane mpya. Kuzikalisha kwenye viti vyake ni kazi ya viganja. Unapaka unga wa kusagia uliochanganywa na mafuta, unaibana valvu kwenye mti wenye mpira, unausokota mti kati ya viganja viwili, mbele na nyuma, kama mtu anayepekecha moto. Unasokota mpaka sauti ya mchanga iwe laini, mpaka mduara wa kijivu utokee bila kukatika. Mama alisokota mbili mwenyewe. Alikuwa na viganja vizuri kuliko vyangu. Miaka ya mkokoteni.

Kisha tapeti. Nilizungusha injini kwa hendo, ule mkono wa chuma wa mbele, kidole changu kwenye tundu la plagi, nikingoja pumzi isukume kidole. Pumzi ikisukuma, pistoni inapanda na valvu zote mbili za silinda hiyo zimefunga. Nikaingiza jani la chuma la kupimia kwenye nafasi, nikakaza, nikalegeza, mpaka jani likatoka kwa kusitasita, kama noti unayoivuta kutoka kwenye kitabu kilichofungwa. Za moshi niliziachia nafasi pana kidogo kuliko za kuingizia, kwa kuwa ndizo zinazokaa motoni. Niliwasha. Tik tik tik tik. Ua mzima ukageuka.

"Hiyo ni injini ama ni mashine ya kushona?" mmoja akapiga kelele kutoka chini ya gari.

"Mletee kitambaa amshonee suti!" akajibu mwingine.

Mama aliitazama injini. Nilijua anachosikia. Alikuwa anasikia ile ile kelele iliyomleta gereji mara ya kwanza.

Ikabaki cheche. Injini ya petroli hulipuka kwa cheche, na cheche ina saa yake. Ikija mapema mno, mlipuko unaikuta pistoni bado inapanda na kuipiga kichwani. Ikichelewa, nguvu inapotea eksosi. Mbele ya injini, kwenye gurudumu la mkanda, kuna alama. Unailinganisha alama na msumari wa injini, unazungusha distributa, kile kinachogawa cheche, mpaka taa ndogo uliyoiunga kwenye pointi zake iwake, unakaza. Kila fundi anajua hivyo, nami nilifanya hivyo. Tukatoka kujaribu mlima, Ijumaa, lori likiwa na mzigo nusu.

Katikati ya mlima lilianza kugonga. Si tapeti, hii ilikuwa sauti nyingine, ya chini, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Nilimwambia mama asimame, apige breki ya mkono, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu.

"Petroli umenunua wapi?"

"Kwa yule wa mitungi. Ya stesheni imepanda."

Nilifungua mtungi wake wa akiba nikanusa. Mafuta ya taa yalikuwa humo, si haba. Petroli iliyochanganywa hulipuka kwa pupa. Hata alama ya kiwandani inaifanya iwahi.

Fundi mkuu alikuwa ametufuata kwa miguu, mikono mfukoni. Alitaka kuona.

"Alama iko hapo," alisema. "Weka kwa alama."

"Iko kwa alama."

"Sasa inagonga ya nini?"

"Aliyeweka alama hakuwahi kunusa petroli yetu."

Nililegeza distributa, nikaizungusha unywele mmoja ili cheche ichelewe, nikakaza. Tukarudi chini, tukapanda tena. Iligonga karibu na juu. Unywele mwingine. Tena chini, tena juu. Mimi sina taa ile ya kupimia cheche inayomwekamweka. Mlima ndio taa yangu. Unapanda na gia ya pili, mguu umezama, sikio dirishani. Unataka mahali ambapo kugonga kunakaribia kuanza lakini hakuanzi. Mama aliniangalia nilivyokaza shingo akasema, "Unaiskiza kama mkunga." Mara ya mwisho tulipanda mpaka kwenye lami bila msumari hata mmoja kwenye kopo. Kilichobaki ni tapeti tu. Tik tik tik, juu ya mngurumo mzito, safi. Nilipiga dashibodi kwa kofi. Mama akapiga honi bila sababu.

Fundi mkuu alitungoja juu.

"Imepanda," alikubali. "Sasa nipee dakika kidogo nikaze hizo tapeti. Kesho ikiwa kimya ipande mara moja mbele ya mzee, basi. Baada ya hapo, ikianza kuungua, mnazilegeza polepole. Nani atajua?"

Nikiri kwamba ilikuwa hoja. Valvu haziungui kwa mpando mmoja. Mama alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Na wiki ijayo?" niliuliza. "Akilisikia lina kelele tena?"

"Wiki ijayo ni ya wiki ijayo."

"Basi zitazibwa tena kila akilalamika. Tutakuwa tunachoma valvu ili mzee alale vizuri."

"Wewe unabishana na chakula ya mtu mwingine," akasema fundi mkuu, kwa upole kabisa. Kisha, bila upole: "Ikaze, ama usirudi ua wangu."

Nilikaa juu ya boneti. Nilikaa tu, makalio juu ya chuma cha moto, mpaka akaondoka. Jioni hiyo nilitoa blanketi langu kwenye lile basi bovu.

Lakini maneno yake yalinifuata njiani. Tulikuwa tunalirudisha lori upande wa Kibera, mahali anapolilaza karibu na barabara ya juu ya Soweto West, na niliyageuza maneno hayo kichwani. Mimi nikikaidi ninapoteza nini? Blanketi langu nalibeba begani. Kesho nitakuwa Nakuru, nitauliza maswali mengine. Yeye ana lori, ana wapakiaji wenye watoto, ana magoti yasiyorudi nyuma. Ukaidi wangu ulikuwa rahisi, na sikupenda kuujua urahisi wake. Nikamwambia: "Mama, ukitaka nizikaze usiku huu, nitazikaza. Lori ni lako."

Alishusha gia pale kwenye matuta.

"Ningetaka ningekuambia," akasema.

Jumamosi wapakiaji walilijaza mpaka magunia yakapita kingo, wakalifunga kwa kamba. Kule juu kwenye lami alisimama mwenyekiti, kofia ya manyoya kichwani ingawa jua lilikuwa limetoka, pamoja na wenye ploti wengine. Kati yao alikuwepo mama mmoja mwenye duka la makaa na ploti tatu za mabati, ambaye hakuwa amebomoa kitu na hakuwa na mpango wa kubomoa. Fundi mkuu pia alikuja. Alisimama peke yake, upande wa pili wa barabara.

Mimi nilikuwa kwenye keba. Mama alishuka mpaka mtoni, akageuza, akasimamisha lori kabisa, akafuta usukani kwa kanga. Kisha gia ya kwanza, ya pili, mguu ukazama.

Lori likakita magurudumu ardhini. Nilisikiliza kopo la misumari, halikuja. Magunia yalilalamika nyuma. Pale lilipokuwa limekwama siku ile, mama alikunja midomo, na lori likapita hapo kama halipajui. Watu waliokuwa wakichota maji kwenye bomba la kando walinyanyua vichwa. Wapakiaji waliokuwa wakikimbia nyuma walianza kuimba kitu kwa Kiluhya, na sauti yao ikachanganyika na tapeti mpaka nikashindwa kujua nani anapiga ngoma. Tukatokea kwenye lami. Mama akasimama mbele ya mwenyekiti, akaacha injini ikiwaka.

Tik tik tik tik.

"Imepanda," mwenyekiti akasema. "Nimeona. Nguvu iko. Hiyo nimekubali, wewe mama."

"Asante, mzee."

"Lakini hii kitu inaongea! Ngai! Inaongea kuliko wewe." Wenzake wakacheka. "Peleka kwa fundi akaze. Ikiwa kimya vile ilikuwa, njia ni yako. Jumatatu unaingia."

Nilimtazama fundi mkuu ng'ambo ya barabara. Alinyanyua mabega tu, bila kunicheka. Lilikuwa jambo dogo. Spana moja, majani ya kupimia, muda wa kunywa chai. Nilikuwa tayari kushuka na kulifanya mwenyewe, kwa ajili ya mama. Ningelifanya kwa uchungu, lakini ningelifanya.

Mama alitia mkono kwenye mfuko wa aproni. Akatoa ile valvu iliyolika, akampa mwenyekiti kupitia dirishani. Alikuwa ametembea nayo tangu siku tuliyoitoa, na mimi nilidhani ameshaitupa.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni kimya yako, mzee. Mimi ndio niliiomba. Nilienda mwenyewe nikasema, nyamazisheni hii gari, inaudhi wenye ploti. Ikanyamaza. Ndiyo ikakula hiyo."

Mwenyekiti aliigeuza ile valvu, hakujua aishike wapi ili asichafuke.

"Sasa unataka kusema nini?"

"Nasema haitakazwa. Ikizidi kelele ya sasa, tutaangalia. Lakini hii ya sasa ni pumzi yake. Taka yako nitabeba mpaka nizeeke. Pumzi yake siwezi kukupa."

"Basi kwa ploti zangu haiingii."

"Basi haiingii."

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mpakiaji mmoja akivuta pumzi kwa meno. Ploti za mwenyekiti zilikuwa nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote pale, na kila mmoja wetu alijua hivyo. Ningetaka kuandika kwamba mama alikuwa na uso wa shujaa. Hakuwa nao. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka kidogo, au labda ni injini.

Ndipo yule mwenye duka la makaa akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusimama juani, "Kwangu ipite. Taka zangu hazina masikio."

"Wewe nawe," mwenyekiti akamgeukia.

"Mimi nawe nini? Ile dizeli ya rafiki yako ilikuja mara moja, ikapita saa watu wamelala, kimya kama mwizi. Magunia yakabaki mlangoni, mbwa wakafungua. Hii hata nikiwa bafuni najua imefika." Akawageukia wengine. "Ama nyinyi mnaonaje?"

Kila mmoja aliona lake. Wawili walikubali na mmoja akasema atafikiria, akaenda kufikiria nyumbani. Mwenyekiti aliirudisha valvu dirishani, akapangusa vidole kwa leso, akaondoka. Njia ya Kabiro ikapunguka hivyo hivyo, mbele ya macho yetu, karibu kukatika katikati. Ikabaki kipande.

Juma lililofuata nilipanda naye. Nilikuwa nimehamia kwa mpakiaji mmoja Soweto West, nikilala jikoni. Tulipita mbele ya ghorofa ya mwenyekiti bila kupunguza mwendo, tukasimama kwa mwenye makaa, hatua chache mbele. Wapakiaji wakaanza kurusha magunia. Kisha mwanamke mmoja akatoka kwenye geti la ghorofa, kofia ya kuogea kichwani, mfuko wa taka mkononi, akauvusha hadi kwetu.

"Hii naweza weka hapa?"

"Unakaa ploti gani?" mpakiaji akamuuliza, ingawa alikuwa amemwona anakotoka.

"Nakaa ndani ya nyumba," akajibu.

Mpakiaji aliupokea mfuko. Msimamizi wa ghorofa alikuwa amesimama getini, na alipoona tunamtazama akageuka kukagua kufuli ambayo haikuwa na tatizo. Wakatoka wengine wawili. Mama hakushuka. Alikuwa ameegemea usukani, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Moja imebadilika," aliniambia.

"Hapana. Ziko sawa."

"Nimesema moja imebadilika. Ya nyuma. Imekuwa nyembamba."

Nilicheka, nikafungua boneti nimwonyeshe kwamba amekosea. Nikaweka sikio kwenye bisibisi, bisibisi kwenye kifuniko, nikasikiliza silinda moja moja. Ya nyuma kabisa sauti yake ilikuwa imefifia. Nati ilikuwa imejizungusha kidogo na nafasi ilikuwa inajifunga yenyewe.

"Eh?" akauliza kutoka dirishani.

"Zima kidogo," nikasema, naye akazima. "Tukifika jalalani ikipoa, naipanua."

"Utanionyesha vile inafanywa."

"Nitakuonyesha."

"Kwa sababu wewe najua hukai." Akawasha tena, bila kuningoja nipande, na ikabidi nikimbie.